Sarafu Yenye Herufi Mbili

1. Fedha ya kumiminwa na fedha ya kupigwa

Nchi ya Kolwezi ni nchi ya shaba. Mtu asafiriye kutoka Likasi kwenda Kolwezi aona vilima vya udongo uliochimbuliwa, na pengine aokota njiani jiwe la kijani liitwalo malakiti. Ndani ya jiwe hilo mna shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, lakini wenyeji wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba tangu mamia ya miaka kabla yake. Walichimba malakiti wakati wa kiangazi, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa, wakavukuta moto kwa mivukuto. Watu hao waliitwa "wala-shaba". Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa askofu katika Katanga baadaye, aliandika habari za kazi yao mwaka 1926.

Shaba ilipoyeyuka, wafuaji waliimimina katika kalibu yenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha. Watu waliitumia kwa biashara na kwa mahari. Tena si jambo la juzi. Mwaka 1957 wataalamu walianza kuchimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, mahali mto Lualaba upitapo baada ya kuiacha nchi ya Kolwezi. Wakakuta misalaba ya shaba imewekwa pamoja na wafu, mingine midogo kama kidole.

Katanga ilipojitenga na Kongo, tangu tarehe 11 Julai 1960 hata Januari 1963, msalaba huo wa kale ulionekana tena juu ya fedha. Sarafu za faranga 1 na faranga 5 za mwaka 1961 zina picha ya ndizi upande mmoja, na upande wa pili zina msalaba wa shaba.

Basi, fedha zote mbili zaonyesha msalaba, lakini hazikufanywa kwa njia moja. Msalaba wa wala-shaba ulimiminwa. Sarafu ya faranga haikumiminwa, ilipigwa. Afahamuye tofauti hiyo ataweza kufahamu mambo yote yatakayofuata.

2. Namna sarafu inavyopigwa

Katika kiwanda cha sarafu, kwanza mafundi hufanya chuma kimoja kigumu chenye picha na maandishi yaliyoinuka, sawasawa na yatakavyokuwa juu ya sarafu. Tukiite chuma-mama. Chuma-mama hakipigi sarafu. Kazi yake ni kuzaa mihuri. Hugandamizwa kwa nguvu nyingi juu ya kipande cha feleji kilicholainishwa kwa moto. Picha iliyoinuka huingia katika feleji na kuacha shimo la umbo lake. Kisha feleji hiyo hutiwa moto tena na kupozwa ghafula ili iwe ngumu sana. Hiyo ndiyo muhuri.

Juu ya muhuri kila kitu ni kinyume. Kilichoinuka katika sarafu kimezama katika muhuri, na maandishi husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama maandishi yaonekanavyo katika kioo.

Kila sarafu ina nyuso mbili, kwa hiyo yahitaji mihuri miwili. Mmoja hukaa chini, mwingine juu. Kati yake huwekwa kisahani cha madini kisicho na maandishi. Mtambo hushusha muhuri wa juu kwa kishindo. Madini hujaa katika mashimo ya mihuri yote miwili kama unga ujaavyo katika kibweta. Mara muhuri wa juu huinuka, sarafu husukumwa nje, na kisahani kingine huingia. Haya yote hutendeka kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho.

Mihuri miwili yaweza kupiga sarafu maelfu na maelfu kabla ya kuchakaa. Shikeni sana jambo hili: muhuri ni mmoja, watoto wake ni wengi. Kilema kilicho katika muhuri kitaonekana katika watoto wake wote. Lakini ajali iliyoipata sarafu moja wakati wa kuzaliwa itaonekana katika sarafu hiyo peke yake.

3. Herufi ndogo ya kiwanda

Sarafu nyingi zina herufi ndogo, mara nyingi chini ya mwaka au kando ya picha. Hiyo ni alama ya kiwanda. Yatuambia mahali sarafu ilipopigwa.

Katika vita vya 1914 hata 1918 nchi ya Ubelgiji ilitekwa na Wadachi, nayo haikuweza kuipelekea Kongo fedha. Ndiyo sababu sarafu za santimu 5 na santimu 10 za Kongo ya Wabelgiji za mwaka 1917 zina herufi H. Hiyo ni herufi ya kwanza ya jina Heaton, kiwanda cha mji wa Birmingham katika Uingereza. Katika vita vya pili Ubelgiji ilitekwa tena. Mwaka 1943 faranga 2 za Kongo, zenye tembo na pembe sita, zilipigwa Philadelphia katika Marekani.

Shilingi za Afrika Mashariki za wakati huo zina alama pia. H ni Birmingham, SA ni Pretoria katika Afrika ya Kusini, na I ni Bombay katika Uhindi. Sarafu za Wadachi za Afrika Mashariki zilikuwa na A kwa Berlin na J kwa Hamburg. Na zile za mwaka 1916 zina T kwa Tabora. Habari za Tabora zitakuja mbele.

Sasa, herufi hiyo ndogo iliingiaje katika muhuri? Katika viwanda vingi vya zamani haikuwa katika chuma-mama. Muhuri ulipokuwa tayari, fundi alishika patasi ndogo yenye herufi kwenye ncha, akaisimamisha mahali pake, akaipiga kwa nyundo. Kazi hii ilifanyika kwa mkono, muhuri mmoja mmoja. Huko Marekani iliendelea hivyo mpaka karibu na mwaka 1990.

Mkono wa mtu si mtambo. Pengine pigo la kwanza halikuzama vema, au herufi ilikaa upande. Fundi akapiga tena, lakini patasi haikurudi palepale. Basi muhuri ukawa na herufi mbili, moja juu ya nyingine. Kila sarafu iliyozaliwa na muhuri huo ina herufi mbili. Hiyo ndiyo alama maradufu ya kweli.

Pengine herufi mbili si za namna moja. Kiwanda cha Carson City katika Marekani kiliacha kupiga sarafu mwaka 1893. Mihuri yake mingine, yenye herufi CC, haikutupwa. Mwaka 1900 ilitumiwa kwa kiwanda cha New Orleans, na herufi O ikapigwa juu ya CC. Dola hizo zaonyesha O, na chini yake mabaki ya CC. Macho ya mtu mwangalifu yasoma hapo safari ya muhuri kutoka mji mmoja hata mji mwingine.

Hata tarakimu za mwaka zaweza kupigwa hivyo. Santimu 10 za kwanza za Kongo, zile zenye tundu katikati, zilianza mwaka 1887. Katika baadhi ya sarafu za mwaka 1888, tarakimu 8 ya mwisho imepigwa juu ya 7. Kiwanda hakikutaka kupoteza feleji nzuri, kikautumia muhuri wa mwaka uliopita.

Kuna namna nyingine ya kweli. Zamani chuma-mama kiligandamizwa juu ya muhuri zaidi ya mara moja, ili picha izame vema. Kama hakikukaa palepale mara ya pili, maandishi yote yalitoka maradufu. Senti moja ya Marekani ya mwaka 1955 ni maarufu kwa sababu hiyo. Mwaka na maandishi yake yaonekana mara mbili hata bila kioo, na sarafu za namna hiyo zilizotoka ni elfu ishirini hivi.

Watu wakusanyao sarafu huzitafuta sana hizo za kweli, nao hutoa mali nyingi kuzipata. Hapo ndipo shida huanza. Kwani ziko sarafu nyingine, nyingi mno, zionyeshazo herufi mbili, nazo hazina thamani zaidi ya sarafu nyingine yoyote.

4. Mfano wa tofali

Ninyi mliowahi kufyatua matofali mtafahamu upesi.

Tuseme mafundi wa Kolwezi wataka kila tofali liwe na herufi K. Seremala achonga K katika ubao wa kalibu. K ya ubao imezama, kwa hiyo K ya tofali itainuka. Lakini seremala alikosea. Alichonga K ya kwanza upande kidogo, kisha akachonga ya pili mahali pake. Ubao una K mbili. Tangu asubuhi hata jioni, kila tofali litokalo katika kalibu hiyo lina K mbili, nzima, zilizoinuka sawa, mahali palepale. Hata tofali la mia tano ni sawa na la kwanza.

Sasa tuseme seremala mwingine alichonga K moja tu, safi kabisa. Mtoto ajaza udongo, akandamiza, kisha ainua kalibu. Lakini mkono wake watetemeka. Kabla kalibu haijaachana na udongo, yajongea kidogo upande wa kulia. Ubao waigusa K iliyoinuka, waisukuma bega lake, waliponda. Mtoto atazama tofali aona K, na kando yake kidato kama kivuli cha K. Asema, "Tofali langu lina herufi mbili!" La. Tofali lake lina herufi moja iliyojeruhiwa. Tofali lifuatalo, akiinua kalibu vema, litakuwa safi. Na akitetemeka tena, kidato kitakuwa kikubwa zaidi au kidogo zaidi, au upande mwingine.

Hayo ndiyo yatokeayo katika mtambo wa sarafu. Muhuri ukilegea mahali pake, au mtambo ukiwa umechakaa, muhuri hujongea kidogo sana mara baada ya kupiga, kabla ya kuachana na sarafu. Muhuri ni mgumu na sarafu bado iko chini yake. Basi muhuri hukwaruza bega la herufi na kulibana chini. Haya twayaita maradufu ya mtambo. Hayakuongeza kitu katika sarafu, bali yalipunguza.

5. Namna ya kupambanua

Ili kupambanua, chukueni kioo cha kukuzia na taa. Geuzeni sarafu polepole ili mwanga uipige kutoka pande zote, kwani mwanga wa upande mmoja hudanganya. Kisha ulizeni maswali haya matano.

La kwanza: Herufi ya pili ina umbo gani? Kama ni ya kweli, ina mgongo wa mviringo kama herufi ya kwanza, kwa sababu zote mbili zilijazwa na madini katika mashimo ya muhuri. Kama ni ya mtambo, ni bapa, iko chini, kama kidato cha ngazi kando ya ukuta. Katika sarafu mpya kidato hicho pengine hung'aa, kwa kuwa madini yamekwaruzwa.

La pili: Herufi imenenepa au imekonda? Hili ni swali kubwa. Alama ya kweli ni herufi mbili pamoja, kwa hiyo upana wake wazidi upana wa herufi ya kawaida. Maradufu ya mtambo yamekata sehemu ya herufi yenyewe. Ukipima herufi pamoja na kidato chake, haizidi upana wa kawaida, na sehemu iliyobaki juu imekonda. Wekeni kando yake sarafu nyingine ya namna ileile iliyo safi, mlinganishe.

La tatu: Pembe za herufi zikoje? Herufi mbili za kweli zikipandana, miguu yake hutengana kwenye ncha. Kati ya ncha na ncha mna pengo dogo, kama kwato ya mbuzi iliyopasuka. Maradufu ya mtambo hayana pengo hilo.

La nne: Ni nini kingine kimerudiwa? Kumbukeni kwamba fundi alipiga herufi ya kiwanda peke yake. Kwa hiyo alama iliyopigwa mara mbili kwa patasi hurudiwa peke yake, nao mwaka ulio kando yake hubaki safi. Lakini muhuri ukijongea, hujongea mzima. Mkiona herufi ya kiwanda, na mwaka, na maandishi ya jirani, vyote vina kidato upande uleule mmoja, huo ni mtambo. Mtasema, "Je, chuma-mama kikigandamizwa vibaya, si maandishi mengi yatakuwa maradufu?" Ni kweli. Ndipo mtakaporudi kwenye swali la kwanza na la pili. Yakiwa na mgongo wa mviringo na yamenenepa, ni ya muhuri. Yakiwa bapa na yamekonda, ni ya mtambo.

La tano: Je, sarafu ina ndugu? Alama ya kweli imo katika muhuri, kwa hiyo sarafu nyingine za muhuri huo lazima ziwe na alama hiyohiyo, upande huohuo, kwa kipimo hichohicho. Mkipata mbili au tatu zilizo sawa kabisa, ushahidi ni mkubwa. Ajali ya mtambo kwa kawaida haifanani sawasawa mara mbili.

Jihadharini pia na muhuri mzee. Muhuri uliopiga sarafu nyingi mno huchakaa, na kingo za herufi zake hulika. Sarafu zake zina herufi zilizovimba, zenye ukungu kando, kama maandishi ya wino juu ya karatasi yenye maji. Hayo nayo si herufi mbili.

Tena, msiisugue sarafu kwa mchanga, wala kwa majivu, wala kwa ndimu. Watu wengi hufanya hivyo ili ing'ae. Kumbe wanafuta ushahidi wenyewe. Vidato na mapengo ni vidogo sana, na mchanga huvila. Sarafu iliyosuguliwa haiwezi tena kusema kweli yake.

6. Sarafu za Tabora

Somo hili laonekana vizuri katika sarafu za Tabora. Katika vita vya kwanza meli za Waingereza zilifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Wadachi. Fedha kutoka Ulaya hazikufika. Mwaka 1916 Wadachi walianza kupiga sarafu wenyewe huko Tabora, kwa mitambo ya karakana ya reli. Walipiga heller 5, na heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano. Walipiga pia sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu hizo za dhahabu zilikuwa 16,198. Zote zilipewa herufi T.

Mafundi hawakuwa na vyombo vya Berlin wala vya Hamburg. Kazi ilikuwa ya haraka, na mihuri ilichongwa papo hapo. Kwa hiyo mihuri haikufanana. Katika heller 20, taji nyingine ni kubwa, nyingine ni ndogo. Katika neno HELLER, L nyingine zina ncha kali, nyingine zina ncha iliyojikunja. Katika rupia 15, pambo la upande wa kulia laishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA katika sarafu nyingine, na chini ya A katika nyingine. Tofauti hizi ni za kweli, kwa sababu zimo katika mihuri. Zarudiwa katika sarafu baada ya sarafu, nazo zimeandikwa katika vitabu vya wakusanyaji.

Lakini mitambo ya karakana haikufanywa kwa kupiga fedha. Mahali kama hapo muhuri hulegea upesi. Kwa hiyo mtu aonaye kidato kando ya T asishangilie kabla ya kuuliza maswali matano. Taji kubwa na taji ndogo ni habari za mihuri miwili. Kidato bapa ni habari ya mtikisiko mmoja.

Kazi ya Tabora haikudumu. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo waliingia mjini, chini ya Jenerali Tombeur, ambaye kabla ya vita aliwahi kushika utawala wa Katanga. Askari hao walikuwa Waafrika wa Kongo, nao walikuwa wamekwenda kwa miguu mwendo mrefu, kupita maziwa na milima.

7. Kweli ina faida gani?

Mwaweza kusema: "Siku hizi katika Kongo twatumia noti. Tangu mwaka 1998 fedha yetu ni faranga ya Kongo, nayo ni ya karatasi. Mambo ya sarafu yatufaa nini?" Sikilizeni mifano miwili.

Mama mmoja, mjane wa mchimbaji, alikuwa ameweka akiba kwa ajili ya karo ya mwanawe. Mchuuzi alimjia na shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1944.

"Mama," alisema, "tazama herufi hizi SA. Zimepigwa mara mbili. Sarafu kama hii haipatikani. Nipe akiba yako, nami nitakuachia. Ukifika Lubumbashi utaiuza mara kumi."

Mama alivutwa. Lakini mwanawe alikuwa amejifunza. Akasema kwa adabu, "Mama, tuiangalie kwanza kwa kioo." Akaangalia. Kando ya SA palikuwa na kidato, bapa, chini. Herufi zilikuwa zimekonda. Kisha akaangalia mwaka. Tarakimu zote nne zilikuwa na kidato hichohicho, upande huohuo.

"Mama," alisema, "hii si herufi mbili. Mtambo ulitikisika. Ni shilingi kama shilingi nyingine."

Mchuuzi akakasirika, akaondoka. Akiba ikabaki katika kitambaa, na mtoto akaendelea na shule.

Mfano wa pili ni kinyume. Mzee mmoja alikuwa na santimu 10 ya mwaka 1888, yenye tundu, aliyoachiwa na baba yake. Mnunuzi aliitazama kwa kioo muda mrefu, kisha akaitupa mezani kama kitu cha bure.

"Mzee, hiki kivuli katika 8 ni mtikisiko wa mtambo tu. Nitakupa bei ya mkate."

Mjukuu wake msichana alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Babu, naomba niione." Akaona 1 na 8 na 8 za kwanza ni safi kabisa. Tarakimu ya mwisho tu ndiyo iliyokuwa na kitu ndani yake. Nacho hakikuwa bapa. Kilikuwa kimeinuka, chenye mgongo wa mviringo, nacho kilikuwa mkono wa 7.

"Babu," alisema, "mtikisiko haujui kuandika saba. Usiiuze leo."

Katika mfano wa kwanza mchuuzi alitaka kuuza kitu cha bure kwa bei ya kitu cha thamani. Katika wa pili mnunuzi alitaka kuchukua kitu cha thamani kwa bei ya kitu cha bure. Wizi ni mmoja, ingawa umevaa nguo mbili. Tena angalieni: yule mchuuzi wa kwanza labda hakujua. Labda yeye mwenyewe aliuziwa hivyo, naye aliamini. Asiyejua aweza kumdhulumu jirani yake bila kukusudia. Kwa hiyo kujua vema ni sehemu ya uaminifu.

Nanyi msitamani mno kuona herufi mbili. Macho yenye tamaa huona kile yanachokitaka. Mtu akipata sarafu yenye kivuli, yampasa kuuliza kwanza, "Ni nini kitakachonionyesha kwamba si ya kweli?" Akitafuta kwa bidii asipate, ndipo aanze kusadiki.

Akili hiyo si ya sarafu tu. Fundi wa Kolwezi aokotaye jiwe la kijani hasemi mara moja, "Ni shaba nyingi." Hulivunja, hulipima, hulilinganisha na jingine. Habari isikiwayo sokoni nayo huwa na kivuli chake. Tuulize: je, hili limo katika muhuri, au ni mtikisiko wa mdomo mmoja?

MASWALI

1. Msalaba wa shaba wa kale na sarafu ya faranga 5 ya mwaka 1961 vyatofautianaje kwa namna vilivyofanywa?

2. Kwa nini sarafu za Kongo za mwaka 1917 zina herufi H?

3. Chuma-mama ni nini? Muhuri ni nini? Kipi kina maandishi yaliyoinuka, na kipi kina maandishi yaliyozama?

4. Eleza kwa mfano wa tofali tofauti ya alama maradufu ya kweli na maradufu ya mtambo.

5. Herufi ya kiwanda ni maradufu, lakini mwaka ulio kando yake ni safi. Hayo yatufundisha nini?

6. Kwa nini haifai kusugua sarafu ya zamani kwa mchanga?

7. Yule msichana alisema, "Mtikisiko haujui kuandika saba." Alitaka kusema nini?

KAZI YA MKONO

Chonga herufi ya kwanza ya jina lako, kinyume, katika kipande cha mti laini au cha muhogo. Igandamize juu ya udongo wa mfinyanzi ulio laini, uiinue wima. Kisha igandamize mahali pengine, na kabla ya kuiinua uisogeze kidogo upande mmoja. Mwisho, chonga herufi yako mara ya pili kando ya ile ya kwanza, uigandamize mara tatu. Linganisha alama zote. Zipi zafanana, na ipi haina ndugu?